Benchi la Mlangoni

Mwalimu wetu wa vikao alikaa mlangoni. Mbele ya ukumbi palikuwa na meza yake, na kiti chenye mto ambao kina mama wa mji wa Baraka walimshonea kwa mabaki ya vitenge, lakini kiti kile kilikaliwa na mkoba wake tu. Yeye alifundisha akiwa kwenye benchi fupi kando ya mlango, mgongo ukutani, jicho moja nje na jingine ndani, na sisi tukageuza shingo kumsikiliza mpaka zikauma. Wanafunzi wapya waliambiwa kwamba Mwalimu ni mnene na anapenda upepo wa ziwa. Hata mimi niliwaambia hivyo, nikijua kabisa kwamba si kweli.

Sisi tulikuwa watu wa kusoma kwa mbali. Chuo kilitutumia silabusi, vijitabu vya masomo ya theolojia, na kila mmoja alizisoma kwake kwa wakati alioupata. Mvuvi mmoja, mzee wa kanisa kule Mboko, alizisoma ufukweni nyavu zikikauka. Shemasi mmoja wa Bibokoboko alizisoma milimani akiwa nyuma ya ng'ombe. Mimi nilizisoma Lubondja, jikoni, sombe ya majani ya mihogo ikichemka, na silabusi yangu ya Agano la Kale bado inanuka moshi na mawese. Kisha mara moja kwa mwezi tulikutana Baraka, Alhamisi hadi Jumamosi, kwenye ukumbi wa kanisa ulio karibu na ziwa. Ndicho tulichokiita kikao.

Nikizikumbuka siku zile hazijipangi. Zinakuja zote pamoja: mabati yanayolia kwa joto, harufu ya ndagala zilizoanikwa nje, sauti za watoto wa shule ya jirani wakiimba hesabu, na sisi watu wazima tumekaa kwenye madawati madogo, magoti juu, usingizi wa mchana umetutembelea, na sauti ya Mwalimu inaingia pamoja na mwanga wa ziwa uliokuwa ukichezacheza darini. Mara nyingine nadhani kilikuwa kikao kimoja tu kirefu, na kwamba nikirudi sasa hivi nitawakuta wote bado wamekaa. Alizaliwa wapi Mwalimu na ukoo wake ni upi, wengine watawaambia. Mimi nina haya niliyoyaona.

Jambo la kwanza ambalo kila mtu angelisema ni kwamba hakuipenda karatasi. Mtu ambaye kazi yake nzima ilikuwa ya karatasi, aliyebeba silabusi kwa magunia kutoka Uvira, alizishika kwa ncha ya vidole viwili kama anatoa panya aliyekufa. Mwanafunzi akijibu swali kwa kusoma alichoandikiwa, alimwacha amalize, kisha akamwomba akifunge kitabu na aseme tena kwa maneno ya nyumbani kwake. Wengi walishindwa, na hakuwacheka.

"Karatasi inafika pahali miye sifike," alituambia siku moja. "Inasema maneno yake, inanyamaza. Muntu anabaki nayo peke yake mu nyumba."

Yule mvuvi wa Mboko, ambaye hakukosa la kusema hata mara moja, alipendekeza tufungue kundi la WhatsApp ili tutumiane majibu na kuokoa siku za safari. Wazo lilitufurahisha, maana barabara ya Baraka mvua ikinyesha si ya kuchezea. Mwalimu aliichukua simu ya mvuvi, akaigeuzageuza, akamuuliza: akimtumia mtu jibu na yule mtu akalia, atamwona? Mvuvi akasema kuna alama za uso unaolia. Tulicheka sana siku hiyo, na Mwalimu alicheka kuliko sisi wote, mpaka akafuta macho, lakini kundi halikufunguliwa.

Badala yake tulikuwa na beseni. Lilikuwa beseni la plastiki la bluu, lile lile ambalo siku nyingine lilioshewa vikombe. Alhamisi ya kila kikao mtu aliandika kwenye kipande cha karatasi swali moja lililomshinda, akatia jina lake, akalikunja na kulitumbukiza humo. Jumamosi, kabla ya kuachana, kila mmoja alichota moja lisilo lake na kwenda nalo nyumbani. Mwezi mzima ulilibeba swali la mwenzako. Kwenye kikao kilichofuata ulisimama, ukalisoma kwa sauti, ukamgeukia mwenye swali na kumpa jibu ukimtazama usoni, mbele ya wote. Naye alikuwa na maneno mawili tu ya kusema: "Nimepokea," au "Bado." Aliyeambiwa bado, au aliyekuja bila jibu, alikwenda kukaa kwenye benchi la mlangoni mpaka siku atakapolipata.

Halikuwa jambo la aibu kubwa. Karibu sote tulipita benchi lile. Shemasi wa Bibokoboko aliwahi kuandika swali kuhusu Kaini na Abeli, kwa nini Mungu alipenda sadaka ya mfugaji kuliko ya mkulima, na likachotwa na yule mvuvi, ambaye hakuwa mfugaji wala mkulima. Mwezi uliofuata njia ya kushuka kutoka milimani haikuwa nzuri, shemasi hakuja. Na uliofuata hakuja. Mvuvi alikuwa na jibu lake tayari, alitaka alitoe lipumzike, Mwalimu akakataa: mwenye swali hayupo, utamtazama nani? Basi mvuvi akakaa mlangoni miezi mitatu na jibu lake tumboni, akinung'unika. Siku shemasi alipotokea, amebeba bido lake la maziwa kichwani, vumbi mpaka kwenye kope, mvuvi alisimama kabla hata mwenzake hajatua mzigo na kulimwaga jibu lote kwa pumzi moja. Sikumbuki alisema nini. Nakumbuka walivyoshikana mikono, huyu wa ziwani na yule wa milimani, muda mrefu kuliko salamu ya kawaida, na Mwalimu akageuza uso nje kama kuna kitu anakitafuta majini.

Maziwa yale yalikuwa udhaifu wa Mwalimu. Yalimsumbua tumbo, sote tulijua, naye alijua kuliko sisi, na kila mara aliyanywa vikombe viwili, akajuta mchana kutwa. Alikuwa mkali juu ya kuchelewa, na yeye mwenyewe alichelewa kila mlo kwa sababu ya kuzungumza na watu njiani. Hakujua kuimba hata kidogo, na alianzisha kila wimbo. Tulipofanya zoezi la kuhubiri, alilala. Hakujifanya anatafakari, alilala kweli, kidevu kifuani, na mkoromo mwembamba ukisikika. Lakini ukimaliza na kusema amina alifungua macho na kurudia sentensi moja tu ya mahubiri yako, ile ile ambayo wewe mwenyewe ulipoisema ulihisi haikukaa sawa. Alinifanyia hivyo mara nne. Sijui alisikiaje.

Na alikunywa dawa zake hadharani. Alikuwa na ugonjwa wa tension, shinikizo la damu, na kabla ya maombi ya chakula alitoa kidonge mfukoni, akakiweka kwenye kiganja cha kushoto, Biblia akaishika kwa mkono wa kulia, akasimama hivyo mpaka maombi yaishe, ndipo akameza. Baadhi ya wanafunzi, waliotoka kwenye vikundi vya maombi vilivyo vikali, walikwazika. Walisema mtumishi angefichaficha kidogo. Yeye hakujitetea. Mwezi uliofuata kidonge kilikuwa pale pale kiganjani, na kilinikera na mimi, kwa sababu zangu.

Kitu kingine ambacho hatukukielewa ni vijitabu vya zamani. Mtu yeyote aliyemletea kijitabu cha kale cha dini, hasa vile vyembamba vya jalada la njano vilivyosambaa vijijini miaka ya nyuma, alimpa kaye mpya, daftari lenye kurasa nyingi, bila kuuliza. Tulidhani anaandika historia ya kanisa. Watoto wa wanafunzi walipekua masanduku ya bibi zao ili wapate kaye za shule. Mwalimu alipanda mpaka Bibokoboko kwa miguu, na unene ule, kwa sababu shemasi alimwambia ameona viwili kwa jirani yake. Alirudi miguu imevimba, viwili vile vikiwa ndani ya shati, amefurahi kama aliyerudishiwa mbuzi aliyepotea.

Mimi nilikuwa nacho kimoja. Kilikuwa chini kabisa ya sanduku langu, chini ya kitenge cha harusi. Sikumpelekea.

Sasa ni lazima niseme juu ya swali langu, maana bila hilo hamtaelewa kwa nini alikaa mlangoni.

Mtoto wangu wa kwanza aliitwa Wilondja. Alipokuwa na miaka mitatu na nusu alishikwa na homa, katika juma la maombi. Kikundi chetu pale Lubondja kiliongozwa na kijitabu kile cha njano, ambacho hakikuwa na jina la mwandishi, na ndani yake palikuwa na maneno tuliyoyasema kwa moyo, sisi wanawake, tukiyapenda kwa jinsi yalivyopangika: mkono ulioshika dawa hauwezi kushika pindo la Bwana. Centre de santé, zahanati yetu, ilikuwa mwendo wa saa moja. Niliomba siku tatu. Wilondja alikaa mapajani mwangu na kipande cha penseli, akichora mistari kwenye jalada la kijitabu, mpaka alipochoka kuchora. Siku ya nne hatukuwa naye.

Nikaendelea kuitwa Mama Wilondja, kama desturi ilivyo, hata baada ya kupata wengine. Nikawa shemasi wa kanisa. Nikasoma theolojia. Lakini sikumwekea mgonjwa mkono tena. Nikiitwa kwenye nyumba yenye mtoto mwenye homa nilipata kisingizio, na kikinikosa nilisimama nyuma na kuimba. Shemasi asiyeweza kuwaombea wagonjwa ni shemasi wa namna gani? Niliogopa siku watu watakapogundua, na niliogopa zaidi kwamba huenda Mungu alikwisha kugundua.

Kwenye kikao changu cha tatu niliandika haya na kuyatia ndani ya beseni: "Mtoto wangu alikuwa na homa. Sikumpeleka kwa daktari, kwa sababu mkono ulioshika dawa hauwezi kushika pindo la Bwana. Alikufa. Je, pindo nililishika?"

Mwalimu kwa kawaida hakuchota. Jumamosi ile mwanafunzi mmoja alikuwa ameondoka mapema, na karatasi moja ikabaki chini ya beseni, ikielea kwenye maji kidogo yaliyosahauliwa humo. Akasema kwa mzaha kwamba basi na yeye aende shule. Akaifungua. Nilimwona akiisoma. Aliisoma mara moja, akaisoma tena, kisha akaikunja polepole zaidi ya ilivyokuwa imekunjwa na kuitia kwenye mfuko wa shati. Hakunitazama. Alitoka nje bila kufunga kikao kwa maombi, na mvuvi wa Mboko akatufungia.

Mwezi uliofuata, zamu yake ilipofika, alisimama na kusema, "Langu bado. Muniache nikae mulangoni." Watu wakapiga makofi kwa kufurahi kwamba mwalimu anatii sheria yake mwenyewe. Akaenda kukaa. Mwezi mwingine, vile vile. Baada ya mwaka hakuna aliyekumbuka kwa nini yuko pale. Wengine walihitimu, wapya wakaja, na habari ya upepo wa ziwa ikazaliwa. Mimi nilikumbuka. Kila kikao niliingia kupitia mlango ule, nikampita, nikamsalimu, naye alinijibu, "Karibu, mama ya Lubondja." Wote aliwaita kwa majina ya watoto wao. Mimi aliniita kwa kijiji changu.

Nilikasirika naye, nisiwadanganye. Nilidhani swali langu amelidharau, au amelipoteza, au jibu lake ni baya kiasi kwamba ananionea huruma. Hilo la mwisho ndilo lililonikosesha raha. Lakini nilikwenda kila mwezi, miaka sita, kwa miguu na kwa pikipiki, kwa sababu nilimpenda, na kwa sababu hapakuwa na mahali pengine ambapo swali langu lilikuwa linaishi.

Kisha kikapita kikao kimoja asionekane. Tuliambiwa amelazwa, tension imepanda. Wiki chache baadaye, asubuhi, nilikuwa shambani Lubondja napalilia mihogo, na ukungu ulikuwa haujaondoka vizuri. Nikaona mtu mnene anakuja kwenye kijia cha shamba, kofia mkononi, anasimama kila hatua chache kupumua. Nilifikiri naota. Mwalimu wa vikao hakuwahi kufika shambani kwangu. Alikuwa na viatu vyake vya kanisani, vimejaa tope.

Hakukubali kukaa. Alisimama katikati ya matuta yangu na kutoa karatasi mfukoni, ile ile, imechakaa kwenye mikunjo mpaka inapitisha mwanga. Akalisoma swali langu kwa sauti, kama sheria inavyotaka. Kisha akanitazama usoni.

"Mama, kile kitabu cha njano ni miye njo nilikiandika," alisema. "Ile maneno ya mukono ni yangu. Nilikuwa kijana, nilipenda vile inasikika muzuri. Nilisahau kama muntu iko na mikono mbili."

Nikakumbuka kidonge kiganjani na Biblia upande wa pili. Nikakumbuka kaye mpya zote zile.

Alisema pia kwamba pindo nililishika. Mimi ndiye niliyemwamini Mungu siku zile tatu, na yeye alikuwa amependa maneno tu. Si mimi niliyemuua mtoto. Nilimuuliza kwa nini hakusema mapema, na hakuzunguka: aliogopa. Alijiambia atavikusanya kwanza vijitabu vyote, avichome, ndipo atakuja kwangu akiwa na mikono safi. Lakini vilikuwa vingi kuliko alivyodhani, na kitandani hospitalini aliona kwamba hatavimaliza. Kunguru wawili walikuwa wakigombana kwenye mpaka wa shamba, na nikawasikiliza wao, kwa sababu sikuweza kumsikiliza mtu.

Alikuwa anangoja neno langu. Nami niliona kwamba nikisema nimepokea, itabidi niuweke chini mzigo ambao kwa miaka yote ile ndio uliokuwa umeniunganisha na mtoto wangu. Na itabidi nimkasirikie huyu mzee mwenye viatu vya tope, ambaye nilimpenda. Sikuwa na nguvu ya lolote kati ya hayo mawili.

"Bado, Mwalimu," nikamwambia.

Akainamisha kichwa. Akaikunja karatasi, akairudisha mfukoni, akashukuru kama mtu aliyepewa maji, na akarudi kwa kijia kile kile. Nilimtazama mpaka ukungu ukammeza, kisha nikapalilia mpaka jua la utosi bila kujua nimepalilia nini. Jioni niliona nimeng'oa mihogo michanga mstari mzima.

Vikao viwili vilivyofuata sikwenda. Nilisema ni kilimo.

Kilichonibadilisha ni jambo dogo. Jirani yangu, mama kijana ambaye mume wake alikuwa machimboni, alinijia mchana mmoja na mtoto wake wa kike aliyekuwa akichemka kwa homa, akaniomba nimwombee, kwa kuwa mimi ni shemasi. Nilitafuta kisingizio na sikukipata. Nikamchukua yule mtoto, nikamfunga mgongoni kwa kitenge, nikamwambia mama yake twende. Tulikwenda haraka njia nzima ya kwenda santé. Joto la mtoto lilipita kwenye nguo mpaka kwenye ngozi yangu, na nililijua joto lile. Muuguzi akamchoma kidole, akampa dawa, akaniwekea mkononi karatasi ya jinsi ya kumpa vidonge. Tulirudi taratibu. Mkono mmoja ulikuwa umeishika karatasi ile na vidonge, mwingine umerudi nyuma kuushika mguu wa mtoto, na mahali fulani pale kwenye kilima, kabla ya nyumba za kwanza za Lubondja, niligundua kwamba midomo yangu inatembea. Nilikuwa naomba. Sijui nilikuwa nimeanzia wapi.

Yule mtoto alipona. Hata kama asingepona, nadhani ningekwenda Baraka.

Alhamisi ile nilifika ukumbini jua limeshapanda. Ziwa lilikuwa limetulia kabisa, na ule mwanga wa maji ulikuwa darini kama siku zote, unacheza. Mwalimu alikuwa kwenye benchi lake. Alikuwa amepungua, shati lilimpwaya, na fimbo ilikuwa imeegemezwa karibu naye. Aliniona, akasema karibu mama ya Lubondja, na sauti yake ilikuwa ndogo. Nilimjibu, nikaenda kukaa mahali pangu. Saa ya majibu ilipofika, watu walisimama mmoja mmoja, wakatoa yao, wakapokelewa. Walipomaliza nilisimama mimi. Nilisema kuna jibu moja ambalo lililetwa mahali ambapo si pake, shambani, na sheria ni kwamba lisemwe hapa, mbele ya wote.

Hakujifanya hakusikia. Alisimama kwa fimbo, akatoa karatasi, na akasoma. Kisha akarudia yote niliyoyasikia kwenye matuta, kwamba yeye ndiye aliyekiandika kijitabu, na maneno ya mkono, na kwamba aliogopa. Alinitazama mimi, lakini wote walisikia. Shemasi wa Bibokoboko alikuwa ameufunika uso kwa viganja, na mvuvi wa Mboko, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakuwa na la kusema.

Nilikwenda mlangoni na kumkabidhi kijitabu changu. Jalada la njano nilikuwa nimelichana usiku wa kuamkia safari na kuliacha nyumbani, kwa sababu ya ile mistari ya penseli. Ndani kulikuwa kamili. Alikipokea kwa mikono yote miwili, akakipapasa pale jalada lilipotoka, na nadhani alielewa, maana hakuuliza. Kisha akainama kwa shida, akafungua mfuko uliokuwa chini ya benchi, na kunipa kaye mpya.

"Nimepokea, Mwalimu," nikasema.

Watu hawakupiga makofi. Baada ya muda mvuvi alisimama, akautoa mkoba kwenye kiti cha mbele, akaupangusa mto wa vitenge vumbi la miaka yote ile, na kusema kwa upole kwamba sasa Mwalimu aje mbele, kiti chake kinamngoja. Tulimsubiri anyanyuke. Alikitazama kiti kwa muda, akatazama nje kwenye maji, akajikusanya kidogo na kuacha nafasi kando yake kwenye benchi.

"Wacha nikae hapa kwanza, Mama Wilondja," alisema. "Hapa kunapita upepo."

Nikakaa. Ulikuwa unapita kweli.